Machozi ya Sinema na Machozi ya Jirani

Somo kwa wakatekumeni na wazazi wao

Wengi wenu mlikuwapo jioni ile ya kiangazi tulipoonyesha sinema katika uwanja wa shule ya misioni. Mnakumbuka shuka jeupe tulilolitundika kati ya miembe miwili, na jenereta iliyozimika mara mbili, na watoto walioketi mbele kabisa hata vumbi la miguu yao likaonekana katika mwanga wa mashine. Mnakumbuka pia jinsi kelele zilivyokoma kidogo kidogo, na kabla ya mwisho mkasikia watu wakivuta pua gizani. Akina mama walijifuta macho kwa ncha za vitenge. Wanaume waliinama kana kwamba wameangusha kitu chini. Nami mwalimu wenu, niliyesimama karibu na mashine nikiwageuzia maneno ya Kifaransa yaliyoandikwa chini ya picha, mwishoni sauti yangu ilikatika, nikanyamaza.

Kesho yake mkatekumeni mmoja alinijia akaniuliza: «Mwalimu, jana tulimlilia mtu ambaye hata hatumjui, tena habari yake ilitungwa tu. Je, tulitenda vema, au tulidanganywa?»

Ulizo hili ni zuri, wala sikutaka kulijibu kwa haraka. Leo nalijibu kwa somo hili. Lisomeni polepole, na asiyejua kusoma asomewe na mwenzake.

1. Hadithi tuliyoiona

Sinema ile yaitwa Wezi wa Baiskeli. Ilitengenezwa mwaka 1948 katika mji wa Roma, nchini Italia, chini ya uongozi wa Vittorio De Sica. Katika kuitunga hadithi yake alisaidiwa hasa na mwandishi Cesare Zavattini. Vita kuu ya pili ilikuwa imekwisha miaka 3 tu kabla ya hapo. Kazi zilikuwa haba, na wanaume walikusanyika mbele ya ofisi wakingoja majina yao yatajwe.

Siku moja jina la Antonio Ricci likatajwa. Alipewa kazi ya kubandika matangazo kwenye kuta za mji, lakini kwa sharti moja: awe na baiskeli. Antonio alikuwa nayo kinga, ila alikuwa ameiweka rehani kwa sababu ya njaa. Mkewe Maria hakupoteza wakati. Alivua mashuka ya kitanda chao, hata yale aliyoyaleta siku ya ndoa, akayafunga furushi, wakayapeleka kwenye nyumba ya rehani ili waikomboe baiskeli. Hapo mtumishi wa nyumba ile alibeba furushi lao akapanda rafu juu, tena juu zaidi, nasi tukaona kwamba rafu zile zimejaa mafurushi ya watu wengine mpaka karibu na dari. Hakuna aliyesema neno, lakini tulifahamu: si nyumba moja tu katika mji ule iliyolala bila mashuka.

Kesho yake asubuhi mtoto wao Bruno, mwenye umri wa miaka kama 8, aliisugua baiskeli kwa kitambaa. Akaona mahali palipobonyea, akamkasirikia baba yake kwa kuwa hakuwalalamikia watu wa rehani. Baiskeli ile iliitwa Fides, neno la Kilatini ambalo maana yake ni imani. Baba akampakia mtoto, wakaenda wakifurahi. Bruno naye alikuwa na kazi yake ndogo mahali panapouzwa petroli.

Siku ile ile ya kwanza ya kazi, Antonio akiwa juu ya ngazi akibandika picha ukutani, kijana mmoja aliinyakua baiskeli akatoroka nayo. Antonio alimfukuza, asimpate. Akaenda polisi, wakaandika habari katika karatasi, basi.

Jumapili baba na mtoto waliuzunguka mji wa Roma kutafuta. Waliingia sokoni, mvua ikawanyeshea. Walimfuata mzee mmoja aliyeonekana akisema na mwizi, wakaingia nyuma yake kanisani ambamo maskini walikuwa wakinyolewa, wakisali na kungoja chakula; mzee akawaponyoka. Bruno alipomlaumu baba yake, Antonio alimpiga kofi. Mtoto akalia, akakataa kutembea pamoja naye. Kitambo kidogo baadaye watu wakapiga kelele mtoni kwamba mtoto anazama. Antonio alikimbia huku akiliita jina la mwanawe kwa hofu. Hakuwa Bruno. Lakini tangu hapo uso wa baba ule ulibadilika. Alimchukua mtoto akamlisha katika nyumba ya chakula, ingawa fedha zao zilikuwa karibu kwisha.

Hatimaye walimpata mwizi. Wakamkuta ni maskini kama wao, anakaa na mama yake katika chumba kidogo. Akaanguka chini akitetemeka kama mwenye kifafa, na majirani wote wakamtetea. Polisi akatafuta chumbani, asione kitu. Hapakuwa na shahidi. Antonio akaondoka mikono mitupu.

Na mwisho mwaukumbuka. Mbele ya uwanja wa mpira palikuwa na baiskeli nyingi, tena moja iliegemezwa peke yake mlangoni mwa nyumba. Antonio aliketi, akasimama, akaketi tena. Akampa Bruno fedha apande tramu aende zake, ndipo akaiendea baiskeli ile akaipanda. Mwenyewe akapiga yowe, watu wakatoka pande zote. Bruno, aliyeachwa na tramu, akageuka akamwona baba yake akifukuzwa kama mwizi, kwa maana alikuwa mwizi kweli. Walimkamata, wakampiga makofi, kofia yake ikaanguka. Mtoto akaiokota kofia, akaifuta vumbi, huku akilia. Mwenye baiskeli alimtazama mtoto yule, akasema mtu huyu aachwe.

Basi wakaenda kati ya kundi la watu, bila baiskeli. Antonio alilia. Bruno akanyosha mkono, akaushika mkono wa baba yake.

2. Kwa nini tulilia?

Kuna sinema nyingi za huzuni duniani, na si zote zilizo nzuri. Hii imedumu. Mwaka 1950 ilipewa zawadi ya heshima ya Oscar huko Marekani. Mwaka 1995, sinema ilipotimiza miaka 100 tangu wale ndugu wawili Lumière walipowaonyesha watu picha zao mjini Paris, Vatikano ilitoa orodha ya filamu 45 zilizostahili kukumbukwa, na hii ilikuwamo. Nguvu yake yatoka wapi? Naona sababu tatu.

Sababu ya kwanza: tulifahamishwa thamani ya kitu kabla ya kukipoteza. Mtu akikuambia, «Fulani ameibiwa baiskeli,» utasema pole na kuendelea na kazi yako. Lakini sisi tuliona mashuka yakivuliwa kitandani. Tuliona mtoto akiisugua ile chuma kwa kitambaa. Kwa hiyo mwizi alipoichukua, alichukua mashuka ya Maria na furaha ya Bruno na chakula cha mtoto mchanga aliyelala nyumbani.

Sababu ya pili: tuliona kwa macho ya mtoto. Kila baba alipochukua njia, kwanza tulionyeshwa uso wa Bruno ukimtazama. Fedheha ya mtu mzima ni nzito. Fedheha ya baba mbele ya mwanawe ni nzito mara mbili. Wale waliompiga Antonio makofi hawakumwumiza sana. Kilichomwumiza ni kwamba Bruno alikuwapo.

Sababu ya tatu: hakuna mtu mbaya wa kumchukia. Hadithi nyingi hutupa adui mmoja, tumtupie mawe, kisha tulale vizuri. Hapa aliyeiba ni maskini, aliyeibiwa ni maskini, na aliyeibiwa naye akaiba. Hasira yetu haikupata pa kutua, ikageuka huruma.

Tena angalieni jambo hili: waliocheza sehemu kubwa ndani yake hawakuwa wachezaji wa kazi. Lamberto Maggiorani, aliyekuwa Antonio, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda. Enzo Staiola, aliyekuwa Bruno, alikuwa mtoto wa Roma. Aliaga dunia mwaka 2025 akiwa mzee wa miaka 85. Ndiyo maana nyuso zile zilitukumbusha nyuso za jirani zetu wenyewe.

3. Machozi hutoka wapi mwilini?

Nifungue mlango mdogo hapa, maana watoto wa darasa la tano waliniuliza. Juu ya kila jicho, upande wa nje chini ya mfupa wa paji la uso, kuna tezi ndogo inayotengeneza machozi. Ni maji yenye chumvi, na ndani yake mna pia kitu kinachoua vijidudu. Mganga Alexander Fleming aliandika habari zake mwaka 1922. Kila unapopepesa jicho, machozi kidogo hulilowesha lisikauke. Moshi wa kuni au kitunguu kikikuchoma, yanaongezeka ili kuosha. Na huzuni ikikujia, moyo ukisongwa, ubongo huiamuru tezi ile ile, yakafurika. Kwenye kona ya ndani ya jicho kuna vitundu viwili vidogo vinavyopeleka machozi puani: ndiyo sababu waliolia jioni ile walivuta pua wote.

Wanyama wengi nao wana machozi ya kulowesha macho. Lakini kulia machozi kwa sababu ya huzuni, tena kwa huzuni ya mwingine, wataalamu wengi wanaona ni jambo la binadamu. Basi asiwepo mwanamume wa kuona haya kwa sababu alilia. Yezu mwenyewe alimlilia Lazaro, kama alivyoandika Yoane katika sura ya 11.

4. Mwafrika mmoja aliyeyaogopa machozi yake

Sasa twakaribia jibu. Zamani sana Mwafrika mmoja aliuliza ulizo lile lile la mkatekumeni wetu. Huyo ni Mtakatifu Augustino. Alizaliwa mwaka 354 katika mji wa Tagaste, ambao leo waitwa Souk Ahras, nchini Algeria. Alipokuwa kijana alipelekwa kusoma Karthago, mji mkubwa wa pwani, katika nchi iitwayo leo Tunisia. Sinema haikuwapo, lakini michezo ya kuigiza ilikuwapo, nayo ilionyesha habari za taabu na za vifo na za wapenzi waliotengana. Augustino aliipenda mno. Aliketi akalia, na kadiri alivyolia ndivyo alivyousifu mchezo; asipotolewa machozi alitoka kabla ya mwisho akinung'unika.

Baadaye, akiwa askofu, aliandika kitabu chake cha Maungamo. Katika sehemu ya tatu alijichunguza juu ya jambo hilo. Alishangaa kwamba binadamu hapendi kuumia, lakini hulipa fedha ili ahuzunike. Tena alitambua hatari moja. Mtu akimhurumia jirani yake aliye mgonjwa, huruma ile inamwita asimame akamsaidie. Lakini anayetazama mchezo haitwi kusaidia. Anaitwa kuhuzunika tu. Hawezi kupanda jukwaani amfungue aliyefungwa. Kwa hiyo anaweza kuzoea huruma isiyo na mikono, na mwisho akaipenda huzuni yenyewe kuliko kumpenda mtu mwenye huzuni. Naye Augustino hakuikataza huruma. Alitaka iwe ya kweli, ile inayotamani kwamba taabu ya mwenzako ikome.

Ushahidi wa maneno yake upo katika sinema yetu wenyewe. Watu wa nchi nyingi walimlilia Antonio asiye na kazi. Lakini Lamberto Maggiorani, mtu wa nyama na damu, aliporudi kiwandani baada ya sinema kwisha, hakudumu. Wafanyakazi walipopunguzwa naye alipunguzwa, akahangaika kutafuta kazi kama yule aliyemwigiza. Sura yake ilitoa machozi katika miji mikubwa, naye mwenyewe akahesabu fedha za mkate nyumbani kwake Roma.

5. Mambo mawili yaliyotukia kwetu

Nisingependa mdhani kwamba nawahukumu watu wa Roma. Nitawaeleza yangu.

Asubuhi ile baada ya sinema niliingia darasani bado nikiwa na huzuni tamu moyoni. Katika safu ya tatu mtoto mmoja alikuwa amelala juu ya daftari lake. Nilimwamsha, akalala tena. Nikamtoa nje, nikamwamuru apige magoti penye jua, nikaendelea na hesabu. Wakati wa mapumziko dada yake akanijia, akasema kwa sauti ndogo: «Mwalimu, umsamehe. Mama ana homa tangu siku tatu. Yeye ndiye anayechota maji, anaamka kabla ya jogoo.»

Nilitoka nikamkuta mtoto yuko vile vile, hakuthubutu hata kusogea kivulini. Ndugu zangu, usiku nilikuwa nimemlilia Bruno aliyepigwa kofi na baba yake mwenye uchungu. Asubuhi mimi nilikuwa mkono ule uliopiga, wala sikujitambua. Nilimwinua, nikampeleka ndani, nikasema mbele ya darasa lote kwamba mwalimu alikosa. Watoto walinyamaza sana. Mchana nilikwenda nyumbani kwao, nikaona kwa macho yangu mitungi na umbali wa kisima.

La pili. Mzee mmoja wa kijiji chetu, mtu wa heshima na Mkristu tangu zamani, alikuwa amemkopesha kijana fulani fedha za dawa. Kijana huyu huchukua mihogo na makaa kwa kinga mpaka sokoni. Kinga ndiyo shamba lake. Aliposhindwa kulipa, mzee aliichukua kinga akaifungia ghalani kwake, ikakaa miezi miwili. Na jioni ile ya sinema mzee huyu alilia kuliko wengi; nilimwona.

Nikaenda kumwamkia. Baada ya kuulizana habari za nyumbani nikasema: «Baba, juzi nilikuona ukilia.»

«Nililia kweli, Mwalimu. Mtoto yule alinichoma moyo.»

«Na ile kinga iliyomo ghalani, Baba?»

Alinitazama kitambo. Kisha akasema: «Mwalimu, ile ni sinema. Hii ni deni.»

Sikuwa na jibu, kwa maana alisema kweli. Deni lilikuwapo. Fedha zile zilikuwa zake, naye alizipata kwa jasho. Tena alizitoa siku kijana alipokuwa katika shida, wakati wengine walimpa pole tu. Asiyekopesha kitu hana ruhusa ya kumdharau aliyekopesha. Nilinyamaza, tukasema habari za mvua.

Lakini nilipoondoka nilikumbuka mambo mawili. Kwanza, shida yote ya Antonio ilianza kwenye nyumba ya rehani. Pili, katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, sheria ya kale inamkataza mkopeshaji kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa sababu anayelichukua amechukua maisha ya mtu. Sheria ile haifuti deni. Yasema tu: usichukue kwa mdeni kile kitu anachofanyia kazi, maana utamnyima chakula, na deni lako halitalipwa kamwe. Siku nyingine nilimsomea mzee maneno hayo. Alisikiliza, asijibu.

Wiki tatu zikapita. Siku moja ya soko nikamwona kijana yule njiani akisukuma kinga, na magunia mawili juu yake. Wamepatana hivi: siku za soko anaichukua asubuhi, jioni anairudisha na kulipa sehemu ndogo ya deni. Deni halijafutwa, limebaki karibu nusu. Mzee amenipa ruhusa kuyaandika haya, akaongeza: «Lakini usiandike kwamba ni sinema iliyonishinda.» Basi siandiki hivyo. Naandika tu nilichokiona.

6. Jibu la ulizo

Sasa, tulitenda vema kulia, au tulidanganywa?

Hatukudanganywa. Antonio ni mtu wa kutungwa, lakini taabu yake si ya kutungwa: ilikuwapo Roma, nayo ipo hapa kwetu. Hadithi njema ni kama taa. Wakati ule wa giza ilituonyesha jambo ambalo mchana twalipita bila kuliona, yaani kwamba mwizi ana mtoto, na mdeni ana mke aliyelala bila shuka. Mtu aliyelia hivyo amefunguliwa macho.

Lakini taa haiwashwi ili watu waitazame yenyewe. Ukiiwasha, tazama nyumba. Aliyelia mbele ya shuka jeupe, kisha akarudi kwake bila kutazama mlango wa jirani, amefanya kama mtu aliyeota chakula akaamka akisema ameshiba. Hapo Augustino alisema kweli.

Mfano wetu tunao katika Luka, sura ya 7. Yezu alipokutana na mjane wa Naini akimzika mwanawe wa pekee, alimwonea huruma. Lakini hakuishia hapo. Alisogea, akaligusa jeneza. Huruma yake ilitembea kwa miguu. Sisi hatuwezi kufufua wafu, lakini kusogea twaweza.

Tena niseme neno juu ya siku hizi. Sinema haikai tena juu ya shuka tu. Imeingia katika simu za vijana wetu. Kila siku hupita picha za mama anayelia, za nyumba iliyoungua, za mtu anayepigwa na kundi. Vijana hutazama, husikitika kwa nukta moja, kisha hupitisha kidole picha ifuatayo ije. Nyingine zimetengenezwa makusudi kuvuta machozi na fedha. Na wako wanaomkuta mtu katika taabu, nao badala ya kumpa mkono wanainua simu kumpiga picha. Enyi vijana, mkumbuke kundi lile lililompiga Antonio makofi: wote walimtazama, lakini ni mmoja tu aliyemwona mtoto. Uwe huyo mmoja.

7. Maulizo ya kujifunza kwa moyo

Ulizo: Je, ni kosa kulia mbele ya sinema ya huzuni?
Jibu: La, si kosa. Machozi ni alama kwamba moyo wafahamu taabu ya mwingine.

Ulizo: Hatari ya machozi hayo ni nini?
Jibu: Ni kuridhika na kulia, na kumsahau jirani mwenye taabu ile ile.

Ulizo: Mtakatifu Augustino alifundisha nini juu ya huruma?
Jibu: Alifundisha kwamba huruma ya kweli hutamani taabu ya mwenzako ikome, wala haifurahii kuitazama.

Ulizo: Kwa nini mwenye baiskeli alimwachilia Antonio?
Jibu: Kwa sababu alimtazama mtoto wake, akatambua kwamba mwizi yule ni baba.

Ulizo: Je, kumhurumia mwizi ni kusema kwamba wizi ni mwema?
Jibu: La. Wizi ni ubaya, na kitu cha watu hurudishwa. Lakini aliyetenda ubaya abaki mtu.

Ulizo: Mkopeshaji mwenye haki hufanyaje na rehani?
Jibu: Hudai deni lake, lakini hamnyang'anyi mdeni kitu anachofanyia kazi.

8. Kazi ya wiki hii

Kila mmoja akumbuke mahali gani katika hadithi machozi yalimjia. Kwa mwingine ni mashuka ya Maria. Kwa mwingine ni kofi. Kwa mwingine ni kofia ile iliyofutwa vumbi. Asimwambie mtu. Kisha ajiulize: katika kijiji chetu, ni nani aliye katika hali hiyo leo? Jina moja tu latosha. Amwendee kabla ya Jumapili, si kwa maneno mengi: amchotee maji, ampokonye mzigo njiani, ampe siku kumi zaidi za kulipa, au amwombe msamaha ikiwa yeye ndiye aliyepiga.

Jumamosi tutakapokutana kwa mafundisho, sitauliza nani alilia. Mtoto yule wa safu ya tatu naye atakuwapo; mama yake amepona, na sasa haanguki usingizi darasani. Yeye ndiye atakayetusomea sura ya 7 ya Luka.